Nduma za Handakini

Mji wetu mdogo, kando ya barabara ya kutoka Nyeri kwenda Mweiga, ulikuwa na wivu. Nyeri kulikuwa na minara na makaburi ya wazungu, na magari ya watalii yalisimama huko watu wakashuka kupiga picha. Kwetu yalipita tu yakitutimulia vumbi. Ndipo wanaume wakaunda kamati ya kumbukumbu, wakaanza kutafuta kitu cha kukumbuka.

Mwaka huo nilikuwa bado bi arusi. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyefanywa katibu, na kila jioni alirudi na habari mpya. Kwanza walitaka kuweka kibao pale lori la kwanza lilipokwama matopeni, lakini wakashindwa kuafikiana ni wapi, maana tangu siku hiyo malori hayajaacha kukwama. Kisha wakafikiria mti mmoja mkubwa, wakakuta mwenye shamba ameshaupasua mbao. Mwishowe mtu akakumbuka handaki.

Handaki lilichimbwa wakati wa hali ya hatari, kabla ya uhuru, kuzunguka kijiji ambamo watu walisukumwa ndani kwa nguvu ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa msituni. Uhuru ulipokuja kila mtu alifukia kipande chake akapanda viazi. Kipande kimoja tu kilibaki wazi, nacho kilikuwa nyuma ya jiko la mama mkwe wangu. Maji yalituama humo, naye akaona ni upuuzi kupoteza mahali penye unyevu, akapanda nduma, ambazo wengine huziita magimbi. Zilikuwa nduma kavu, tamu, za kujulikana mpaka soko la Mweiga. Ndizo zilizomsomesha katibu.

Kamati ikaamua nduma zing'olewe, pazungushiwe seng'enge, kibao kisimamishwe, na Bwana D.O., ofisa wa serikali wa tarafa yetu, aje kukifungua. Ilibaki kumwambia mwenye nduma. Wanakamati walikuwa wanaume waliopitia mengi, na wote walikubaliana kwa haraka sana kwamba hiyo ni kazi ya katibu. Katibu naye akaniambia kuwa haya ni mambo ya jikoni, heri nimwambie mimi. Nilikuwa mgeni katika boma lile, lakini sikuwa mjinga. Nilikataa.

Basi Jumamosi ikaja kamati nzima. Mama mkwe aliwapokea vizuri, akawawekea chai na sinia ya nduma za kuchemsha, wakala. Mwenyekiti, ambaye alikuwa na hoteli pale stendi, alizisifu hizo nduma mpaka nikaona haya kwa niaba yake, maana nilijua alichokuja kuzifanyia. Aliposhiba alieleza uamuzi wa kamati, akitazama dari. Kisha akamwashiria mume wangu, naye akasimama, akakohoa, akasoma maneno yatakayoandikwa kwenye kibao: handaki hili lilichimbwa na wazee wa mji huu.

Mume wangu alipewa jina la babu yake mzaa mama, kwa hivyo, kwa desturi yetu, mama mkwe alimwita Baba hata alipomgombeza.

"Rudia hapo, Baba," akasema. "Ati lilichimbwa na nani?"

"Na wazee, Mama."

Hakupandisha sauti. Alizunguka na birika akimwongezea kila mmoja chai, huku akiuliza. Mzee wa kwanza alikuwa wapi siku zile? Kizuizini. Na wa pili? Msituni. Hao aliwapa pole, kwa moyo, akawasogezea sinia. Mwenyekiti hakumuuliza kitu. Alimwambia tu kwamba yeye anamkumbuka vizuri, alisimama juu ya ukingo na kiboko mkononi, na hakuna siku aliyoshuka chini. Mwenyekiti alikuwa na nduma mdomoni, na nduma kavu haimezeki upesi. Nilifunika uso kwa kanga nicheke.

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Na wewe ulikuwa hapo, Baba. Ulikuwa kwa mgongo yangu. Nikiinama kuchimba unalia, nikisimama nikubembeleze napigwa. Tulikuwa wamama peke yetu. Sasa umesoma, unakuja kuniandikia wazee?"

Kicheko kiliniisha. Mume wangu aliketi polepole na karatasi yake. Habari za handaki alizijua kama kila mtu, hata darasani alizifundisha, lakini hili hakuwahi kuambiwa. Nilimwonea huruma, na mama nikampenda siku hiyo kuliko siku zote.

"Nduma mtang'oa," akamaliza mama mkwe. "Mkiandika ukweli, ng'oeni hata leo. Mkiandika hiyo ingine, hakuna mtu atagusa jani yangu."

Wa kwanza kukubali alikuwa mwenyekiti, nadhani ili aweze kwenda nyumbani. Maneno yakabadilishwa palepale mezani. Na baada ya hapo, ajabu, hakuna mwanakamati aliyekumbuka seng'enge tena. Kibao kilisimamishwa ukingoni, na nduma zikaendelea kuota chini yake, na majani yake mapana.

Mume wangu alikipaka rangi mwenyewe asubuhi ileile ambayo D.O. alitarajiwa. Mama mkwe hakujua kusoma. Alinivuta mkono tukaenda mpaka kwenye kibao, akaniomba nimwonyeshe mahali wao walipo. Nilimwonyesha: akina mama. Akaweka kidole chake juu ya neno lile, akakituliza hapo, na rangi ilikuwa bado mbichi. Alipokitoa, herufi moja ilikuwa imeharibika. Katibu alipoona alikimbilia brashi, lakini mamake akamwambia awache hivyohivyo.

D.O. alifika akiwa amechelewa, akasoma kibao kwa sauti mbele ya umati, akafika pale akasita. Akauliza, kwa upole, ni mtoto gani amechezea rangi.

Mama mkwe alikuwa nyuma kabisa, ameshika birika. Mume wangu alikuwa na hotuba ya ukurasa mzima mfukoni, na hakuitoa.

"Si mtoto, bwana," akasema. "Ni mmoja wa wale walichimba."