Basi Kawe Mwakilishi

Nakumbuka siku moja, mwanangu Salma, siku niliyosemwa na bibi mmoja mpaka maisha yangu yakageuka. Nakuhadithia hapa Al Rayyan, Qatar, nyumbani kwa binti yangu wa kumzaa niliyekuja kumzuru, kwa sababu jana kwenye metro ya kutoka Lusail uliniambia watu wa jimboni kwenu wanakutaka urudi ugombee kiti, nawe unaogopa. "Mimi mlinzi tu, Bi Mkubwa," ulisema.

Nilikuwa wakili kijana, Unguja. Hoteli moja ilijenga ua mpaka majini, na wanawake wanaolima mwani wakakosa pa kupita. Niliwatetea, tukashinda, ua ukavunjwa. Natoka mahakamani nangojea sifa, kiongozi wao, Bi Mwanaisha, akanishika mkono.

"Ahsante. Kijiji cha pili nao wamefungiwa njia. Utawatetea?"

"Nitawatetea, bibi."

"Na cha tatu? Utavunja ua mmoja mmoja mpaka uzeeke? Sheria inayowaruhusu hawa wenye hoteli, nani ataigusa?"

"Hiyo kazi ya wawakilishi."

"Basi kawe mwakilishi."

Nilichukia. Nilipenda joho langu, na siasa niliiona ya watu wa makelele. Lakini kila ilipokuja kesi nyingine ya ua, nilimsikia yule bibi. Nikachukua fomu. Mara ya kwanza nilianguka vibaya. Mikutanoni waliniuliza nani anampikia mume wangu. Nikapita nyumba kwa nyumba mpaka uchaguzi mwingine, nikagombea tena, nikapata. Barazani hoja yangu ikakataliwa. Nikairudisha. Ikakataliwa tena, nikairudisha tena, mpaka ikapita: anayejenga ufukweni lazima aache njia ya wenyeji.

Siku hiyo Bi Mwanaisha alikuwepo, kwenye viti vya wageni. Wenzake walinikumbatia wakilia. Yeye akaniambia, "Sasa nenda kahakikishe wanaifuata."

Mwanangu, wewe umesoma sheria, na hapa Doha ukitoka zamu unawasomea wenzako mikataba yao. Kazi njema hiyo, wala siidharau. Lakini kwenu unaitwa pale sheria zinapotungwa. Mkataba wako ukiisha, rudi ukagombee. Watakutukana, wasikilize, kisha endelea. Ukianguka, simama tena. Ukipata, usibweteke, maana kiti si chako, ni cha waliokutuma.

Mwenyezi Mungu akupe kifua cha kustahimili, akulinde na tamaa, na watu wako waione kheri yako ungali hai. Amin.