Masikio Yangu, Patasi za Paskali

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza, simu wekeni pembeni. Nina hasira, na sitaki mtu aniambie pole bibi. Kila nikipita duka la vifaa hapa mjini Babati na kunusa grisi iliyopakwa kwenye chuma kipya, nageuza uso na kuongeza mwendo. Kwenu ni harufu ya duka tu. Kwangu ni masika ya mwaka ule baba yangu alipoamua kuacha vibarua vya kulima mashamba ya watu, akajenga banda la useremala nyuma ya nyumba yetu ya Nangara, banda la miti na udongo, mvua ikinyesha linavuja kila mahali isipokuwa pale alipoweka meza ya kazi.

Baba alikuwa mkulima aliyeteremka kutoka Mbulu, na homa ya utotoni ilikuwa imemwachia masikio mabovu. Ukitaka akusikie, unamshika mkono kwanza. Sasa msumeno haununuliwi kwa macho peke yake. Unaushika mpini, unaupinda kidogo, unaugonga kwa ukucha, kisha unasikiliza. Sauti ikienda mpaka mwisho, chuma ni kizima. Ikikatika katikati, kuna ufa, na ufa huo utakuumbua mbele ya mteja. Baba hakuweza kusikia hayo, kwa hiyo alinichukua mimi, mtoto wake wa kwanza, tukaenda kwa miguu mpaka dukani, matope yakitufika vifundoni. Yeye anashika, mimi nagonga, kisha ananitazama mdomo. "Unaimba au unakohoa?" "Unakohoa, baba." Anaurudisha, anachukua mwingine. "Huu nao unakohoa." Mwenye duka, Mzee Athumani, mtu mcheshi wa kofia nyeupe, uvumilivu ukamwisha. "Baba Maria, umekuja kununua msumeno au ngoma? Huyu binti yako atanifungia duka!" Baba hakusikia kitu. Alicheka kwa sababu mwenzake amecheka.

Masika yote tulikwenda hivyo, leo kifaa hiki, siku nyingine kile. Randa tuliilaza juu ya kioo cha kabati la duka, nikainama kuchungulia kama mwanga unapita chini yake. Patasi nilizikwaruza kwa tupa: tupa ikiteleza, chuma ni kigumu, chukua; iking'ata, ni laini, acha. Isipokuwa msumeno, baba alinunua vyuma vitupu, bila mipini. Alisema mpini haununuliwi, kila kiganja kina wake, akaichonga mwenyewe kwa mzeituni wa mwituni, mti mgumu kama ubishi. Siku moja nikamwona anachonga mipini midogo, miembamba, ya nyundo na patasi. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha hata njaa sikuisikia. Nilijua ni yangu.

Ilikuwa ya Paskali, mdogo wangu, ambaye siku hizo bado alikuwa anamlilia mama maziwa. Siku ya kutundika vifaa ukutani baba mdogo alifika, akatangaza kwamba mwanamke akiruka tezo, makali yanakufa, na akigusa randa, itararua mbao. Nikamtazama baba. Hilo alilisikia, maana baba mdogo alilipigia kelele. "Maria," akasema, "mama yako anahitaji maji." Basi. Mtu aliyeazima masikio yangu masika mazima akanipa ndoo, akanitoa bandani. Kama mkono wangu unaua makali, mbona niligusa kila chuma kule dukani na hakikufa hata kimoja? Nilimpenda baba yangu, na sijamsamehe. Yote mawili ni kweli, msinihubirie. Naye Paskali hakuutaka useremala. Patasi nilizochagua mimi alizifungulia makopo ya rangi, randa akaiacha nje ikanyeshewa, na alipokua akamwuzia vyote mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Leo mnaniambia mambo yamebadilika. Kweli, barabara ina lami, msumeno unakula umeme, na mtu anachagua vifaa kwa kutazama picha kwenye simu. Lakini kiangazi hiki hiki mwanangu Damiano ameleta sanduku zima la vifaa vya useremala, akampa mwanawe Deo, ambaye hakuomba. Huyo moyo wake uko kwenye bodaboda. Veronika, dada yake Deo, amejifunza kuunga mbao kwa fundi mmoja wa Mutuka, na kitanda ninacholalia ni kazi ya mikono yake. Yeye kaletewa cherehani! "Mama, kwani cherehani si kazi?" Damiano ananiuliza. Ni kazi, nikamwambia, lakini nani alikuomba? Hata Deo akasema, "Bibi, mimi haya madude siyataki, apewe Vero, poa tu." Damiano akacheka. "Mbao zitamtia sugu mikononi. Ataolewa na nani?"

Nikasukuma sahani ya ugali pembeni. Nikamwona baba mdogo amesimama mlangoni, na marehemu ana miaka mingi kaburini. Nikawaita wote, hata mkwe wangu aliyekuwa jikoni, nikawaambia: "Cherehani irudi dukani, na sanduku lirudi. Kesho asubuhi, Damiano, utafuatana na Veronika. Atakayechagua ni yeye. Wewe utabeba, na mdomo wako utaufunga."