Mguu Usiopiga Magoti

Lidwina Mbawala wa Mshangano alipooza mguu wa kushoto kwa polio kabla hajaanza shule, na mtu wa kwanza kumsimamisha alikuwa Fundi Gaspari. Karakana ya Gaspari ilikuwa nyuma ya hospitali moja ya misheni, chumba kinachonuka ngozi na makaa. Humo alimtengenezea mguu wa chuma wa kuvalia juu ya ule uliopooza: vyuma viwili pembeni, mikanda ya ngozi, kiatu chini, na gotini kipete. Kipete kikishushwa mguu unakaza, mtoto anatembea. Akikivuta juu kwa kidole goti linakunjika, anakaa au anapiga magoti apendavyo. Ulikuwa mzito na ulilia kila hatua. Watoto wa Mshangano wakamwita Geti, naye akawa anageuka na kuwauliza nani anataka kufungua. Mdomo wake haukuwahi kupooza.

Biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kuingia Songea kwa marobota, alikuwa amekuwa msichana mkubwa. Tulishirikiana kibanda pale Lizaboni, mimi nikiuza nguo za watoto, yeye magauni na makoti. Hapo ndipo Beda alipomkuta. Beda alikuwa mkulima wa mahindi kutoka Maposeni, aliyekuja kununua shati akarudi mara nyingi kuliko mashati anayoweza kuvaa mtu mmoja. Alipomwambia anataka kumpeleka kwao akawaone wazazi, Lidwina hakulala wala hakuficha. "Dada, na mimi nataka niitwe mama fulani," aliniambia tukikata kamba za robota. Sijamwona akitaka kitu kingine namna ile.

Mwaka huohuo ikaja kampuni kutoka Ulaya. Siku hizo zilikuwa zinaingia kampuni za kila aina, za bia, za sigara, na hii ilikuwa ya miguu. Wataalamu wao walimpiga video akitembea, wakambandika nyaya pajani kupima nguvu zake, kisha wakampa mguu wa plastiki, mwepesi, usio na kelele. Kufuli lake lilikuwa ndani kwa ndani, linajifungua akikaa kitini na kujifunga akisimama. Sharti lilikuwa moja: mguu wa zamani urudishwe karakanani. Gaspari akaukata, vyuma vikaenda kwa watoto waliokuwa wakingoja, maana chuma kilikuwa adimu. Mpaka leo jambo hilo linanichoma, ingawa watoto wale hawana kosa.

"Usipige magoti na huu," Gaspari alimwonya akimfunga mikanda. "Goti lake linakunjika mpaka pale pa kukalia kiti, basi. Waliotengeneza hawakuwaza kwingine."

"Fundi, mimi naenda ukweni, siendi ofisini."

"Basi waeleze, mwanangu."

Aliwaeleza. Siku ya kwanza Maposeni, nami nimemsindikiza, alisimama mlangoni, akainamisha kichwa, akasema shikamoo baba, shikamoo mama, akaomba radhi kwa sababu ya mguu. Mzee Pankrasi, baba yake Beda, aliitikia marahaba akitazama kando. Mkewe, Mama Getruda, aliitikia huku ameshaingia jikoni. Tulipoondoka akamwambia mwanawe, "Mkwe gani anatusalimia wima kama polisi? Kwani ule wa chuma si alikuwa anapiga nao magoti kanisani? Watu walimwona. Sasa kapata mguu wa Wazungu, goti limekuwa gumu."

Beda, badala ya kuyameza maneno hayo, akayaleta kibandani. Ningemchapa kwa robota zima.

Safari ya pili nilimsindikiza tena. Wazee walikuwa wamekaa uani. Lidwina alishika kanga yake vizuri akashuka, magoti yote mawili, mpaka kukalia visigino kama alivyolelewa. Tulisikia kufuli la ule mguu likivunjika. Alimaliza salamu kwanza, kwa wote wawili, kila mmoja na shikamoo yake. Kisha akajaribu kuinuka, akashindwa. Tulimrudisha mjini kwa baiskeli, mguu wa plastiki ukining'inia pembeni.

Ofisi ya kampuni tuliikuta imefungwa. Biashara ya huku haiwalipi, ndivyo tulivyoambiwa, na kufuli la akiba halikuwepo. Gaspari naye hakuwepo karakanani: tanuri lake la makaa lilibomolewa kupisha mashine za plastiki, na mashine zilipokufa akaenda kuchomelea nondo za madirisha. Kwa nondo hizohizo alimtengenezea mguu mwingine, akilia kama mtoto. Ulimchimba vidonda pajani mpaka akauvua. Kutoka Maposeni likaja neno kwamba wao walitaka mtu wa kushika jembe. Baada ya mavuno Beda alioa kwingine.

Lidwina bado anauza mitumba pale pale. Anatambaa kwa magoti, ameyafunga vipande vya tairi, na utani umempungua. Juzi Mama Getruda alikuja na mwenzake kutafuta sweta. Lidwina alitoka nyuma ya robota, akajivuta hadi miguuni pake, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alichagua sweta la kijani. Walipokuwa wanaondoka nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyu binti ana adabu, jamani. Umeona anavyopiga magoti?"