Kiganja Ndani ya Sahani

Majirani walimwita Mama Vigae, ingawa hakuwahi kuzaa. Jina lilianza kama utani wa mtaani, wa kumcheka mwanamke asiye na mtoto ambaye kila siku alionekana ameinama nyuma ya karakana ya mumewe, akiokota vipande vya vioo kama kuku anavyodonoa punje. Mwanzoni lilimchoma. Baadaye akalizoea, na mume alipofariki ndilo lililobaki naye nyumbani.

Mume alikuwa fundi wa madirisha. Karakana ilichukuliwa na mdogo wake, shemeji mpole mwenye makovu ya vioo hadi viwikoni. Watu walidhani mjane yule atafunga virago, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alinunua tanuri la umeme kwa mfinyanzi aliyekuwa anahama, akaliweka chumba cha nyuma, akaanza kuyeyusha vile vigae. Aliharibu vingi kabla ya kupata sahani ya kwanza ya kumwonyesha mtu. Akajifunza kwamba vioo navyo vina undugu wao: ukiyeyusha pamoja kioo cha chupa na kioo cha dirisha vitashikana leo, halafu mwezi ujao, sahani imetulia zake kabatini, utasikia "ta!" na itakuwa imejigawa yenyewe. Akajifunza kupasha polepole na kupoza polepole zaidi. Na zaidi ya yote akajifunza usafi. Jasho la kidole, hata lisiloonekana, likiingia motoni hugeuka ukungu mweupe usiotoka kamwe. Kwa hiyo kila kioo alikiosha kwa sabuni, akakifuta kwa spiriti, na akakishika kwa kingo tu.

Bidhaa zake alizipanga kwenye meza mbele ya duka la mapazia. Mwenye duka alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, mwanamke mwenye moyo mweupe na mdomo usio na breki.

Siku moja shemeji alimletea vioo vinane kutoka kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa nyuma ya kiwanda cha mikate.

"Shemeji, hivi ni vya zamani," alisema akivishusha kimoja kimoja. "Vyote ni vya dirisha moja. Ona vilivyo na mawimbi. Siku hizi hawatengenezi hivi."

Mama Vigae alifurahi. Kioo kimoja kingetoa sahani moja: angekikata nusu kwa nusu, nusu moja chini, nusu nyingine juu, katikati unga wa rangi kidogo na karatasi nyembamba ya shaba. Akawasha tanuri asubuhi, na asubuhi ya pili akalifungua.

Sahani ilikuwa nzuri, rangi imetulia kama maji ya kisima. Ila katikati, ndani kabisa kati ya tabaka mbili, kulikuwa na alama nyeupe ya kiganja. Kidogo mno. Cha mtoto wa miaka mitatu hivi, vidole vitano vimetanuliwa, kama mtu anayejiegemeza dirishani.

Alijilaumu. Akasema labda hakufuta vizuri, ukungu wa zamani umebaki. Lakini moyoni alijua amefuta. Akaigeuza ile sahani aone upande wa pili, na hapo ndipo nywele zilipomsisimka. Kiganja kilikuwa cha mkono wa kulia. Ukikitazama kwa nyuma, kidole gumba kilipaswa kuhamia upande mwingine. Hakikuhama. Aligeuza tena, na tena. Upande wowote alioutazama, kiganja kilikuwa kimemwelekea yeye.

Akaifunga ile sahani kwenye taulo, akaiweka juu ya kabati.

Ya pili ikatoka vilevile. Mwenye duka la mapazia aliiona kabla hajaificha.

"Makubwa! Na hii umeifanyaje? Imependeza, ila inatisha kidogo."

"Imetokea tu."

"Basi itokee tena. Wateja wanapenda vitu vya kuwashtua wageni."

Kweli, daktari wa meno wa ghorofa ya jirani akaichukua siku hiyohiyo, aitundike kwenye chumba wanamongojea wagonjwa. Ya tatu ikanunuliwa na mwanamume aliyekuwa anapita na sanduku la safari. Ya nne ikaondoka na bibi harusi mmoja na shoga zake, na hakuna aliyewauliza wanakotoka.

Ya tano ilipotoka, Mama Vigae alikaa kwenye kigoda. Kiganja kile hakikuwa cha mtoto. Vidole vilikuwa virefu, vyembamba, vya msichana aliyekwisha kuvunja ungo. Aliishusha ile ya kwanza kutoka kabatini akaziweka sambamba. Mstari mmoja uliokatiza kiganja, uliogawanyika kama njia panda karibu na kidole cha mwisho, ulikuwa kwenye zote mbili. Mkono ulikuwa uleule. Ulikuwa umekua.

Alichukua rula akaenda kwa daktari wa meno. Chumba cha wagonjwa kilinuka dawa, na sahani ilining'inia juu ya viti vya plastiki. Aliupima mkono: wa miaka sita hivi.

"Unaipima kwa nini?" daktari aliuliza, akivua glavu. "Usiniambie unataka kuirudisha. Tangu iwepo, watoto hawalii humu. Wanakaa wanaitazama. Juzi mmoja akaniuliza, 'Huyo anasukuma, au anashikilia?'"

"Ukamjibu nini?"

Daktari alicheka, lakini hakutazama ukutani. "Nikamwambia afungue mdomo."

Mtu mwingine angevitupa vioo vilivyobaki, na Mama Vigae alifikiria kufanya hivyo. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata rafiki yake wa mapazia. Kila alipozima tanuri na kungoja lipoe, alijikuta hatulii, anapitapita mlangoni, anagusa bati kama limepoa, kama mzazi ambaye mtoto wake amekawia kutoka shule. Aliogopa, ndiyo. Lakini alikuwa pia anamngoja. Alioka cha sita: mkono wa mwanamke kamili. Alioka cha saba: ngozi imelegea, mafundo ya vidole yameanza kuvimba. Kilibaki kimoja. Hakukigusa. Alikwenda kwa shemeji.

"Ile nyumba ilikuwa ya nani?"

Shemeji aliweka chini penseli. "Ya bibi mmoja aliyekuwa akishona sare za shule. Aliishi peke yake humo tangu mamaye afe. Sasa yuko kwa mpwa wake, kule mwisho wa mji. Kulikoni, Shemeji? Umekonda."

"Nipe njia ya kufika tu."

Alimkuta yule bibi amekaa kwenye kiti kando ya dirisha, katika chumba kilichokuwa bado kinanuka rangi mpya. Mpwa alikuwa kazini. Mama Vigae alisalimia, akaitikiwa "Marahaba, mwanangu, kaa," na kwa kuwa hakujua pa kuanzia, alifungua taulo tu, akazipanga sahani nne kitandani: ya kwanza, ya tano, ya sita, ya saba.

Bibi alizitazama bila kuzigusa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia jirani, "Umezitoa kwenye vioo vya kwetu?"

"Ndiyo, Bibi. Vya dirisha moja."

"Dirisha la chumba cha mbele." Aliunyoosha mkono akaushusha tena. "Huyo ni mdogo wangu. Aliyenifuata."

Akasimulia. Mdogo wake alikufa kwa homa akiwa na miaka mitatu, yeye akiwa na mitano. Siku moja kabla ya kuugua, mtoto alikuwa amekula embe na kuegemea dirisha kumtazama baba akiondoka. Kiganja kikabaki kiooni. Mama yao hakukubali kifutwe. Mvua ikinyesha aliosha vioo vyote, kile cha chini alikiruka. Miaka ikapita, alama ikafifia ikawa kama pumzi, lakini mama aliijua ilipo.

"Mama alipofariki, watu walikuwa wanakuja msibani. Shangazi akaniambia, nyumba iko vumbi, utatuaibisha. Nikachukua kitambaa na maji ya sabuni." Bibi alikitazama kiganja chake mwenyewe. "Nilimfuta, mwanangu. Kwa mkono wangu. Nilikwisha maliza ndipo nikakumbuka."

"Ulisahau tu, Bibi. Ulikuwa na msiba."

"Nilisahau. Lakini tangu siku hiyo sikuwahi kufunga pazia la lile dirisha. Sikuona kitu, nisikudanganye. Ila nilijua hapakuwa patupu. Ukiingia chumbani ambamo mtu amekaa kimya, huwa hujui?"

Mama Vigae alijua. Akamweleza kuhusu kioo cha nane. Bibi hakungoja amalize. Alikuwa tayari anatafuta viatu vyake.

Basi kioo cha mwisho kilipikwa bibi akiwa amekaa chumba cha nyuma, mbele ya tanuri, fimbo magotini. Yeye mwenyewe alimtazama Mama Vigae akikiosha, akikifuta mara mbili, akikiinua kwenye mwanga. Kilikuwa safi, hakina doa. Kikaingia. Mwenye duka la mapazia alileta chai, akamwona bibi alivyolikodolea macho tanuri, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akaondoka bila kusema neno.

Asubuhi iliyofuata mpwa alimrudisha bibi mapema. Mama Vigae aliinua kifuniko. Hewa ya uvuguvugu ikawapiga usoni, na sahani ilikuwa pale, na ndani yake mkono wa mwanamke mzee: vifundo vimevimba, kidole cha mwisho kimepinda kidogo kuelekea wenzake.

Bibi aliuweka mkono wake juu yake. Kidole kwa kidole, hata kule kupinda kwa kidole cha mwisho. Hakulia. Alisimama hivyo muda mrefu, midomo ikicheza kama anayesikiliza na kujibu. Alipoinua mkono, kiooni kulikuwa na alama mbili zilizolaliana: ya jasho lake, iliyoanza kufifia papo hapo, na ile nyingine, iliyobaki.

"Amezeeka vizuri," alisema. "Mikono ya Mama."

Daktari wa meno aliirudisha sahani yake bila ubishi. Alionekana hata kushusha pumzi. Ile ya msafiri na ile ya bibi harusi hazikupatikana. Mama Vigae aliuliza hotelini, akauliza kwenye kumbi za harusi, akabandika tangazo dukani kwa rafiki yake. Hola. Ikabidi aende na sita tu, zimetobolewa na kufungwa waya, akazitundika kwenye dirisha la chumba kipya kwa kufuata umri, na kati ya miaka sita na usichana pakabaki pengo.

"Nisamehe, Bibi. Mbili zimenishinda. Ya miaka tisa hivi na ya kumi na tatu."

Bibi alilitazama pengo, kisha akacheka, meno mawili matatu yakaonekana. "Umri huo! Umri huo msichana gani anakaa nyumbani? Atarudi akishikwa na njaa."

Wakacheka wote wawili. Jua lilikuwa limepanda, na vivuli vya mikono vilikuwa vimelala, vitano sakafuni na kimoja usoni kwa bibi. Bibi akafinya macho, akageukia dirisha na kusema kama anayemkemea mtu kwa upole, "Na wewe sogea basi, unanizibia mwanga."

Hapakuwa na upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa. Lakini kivuli kimoja, kile cha mkono mkubwa kuliko yote, kilihama kutoka kwa bibi kikaenda kutulia ukutani, na mwanga ukamwangukia usoni.

Mama Vigae aliinuka akachukua kikapu chake. Akamuaga bibi. Halafu, mlangoni, akageuka na kuaga tena, safari hii akiwa ameelekea dirishani.

"Nenda salama, mwanangu," bibi alijibu kwa niaba yao.