Mguu wa Taratibu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa pekee, aliendesha gari la zahanati kwa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka yote hiyo sikumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Alikuwa Taratibu. Wajawazito walimpenda, wenye haraka walimlaani kimoyomoyo, na kuku walivuka barabara mbele yake huku wakidonoa. Muuguzi mmoja mwenye ulimi wake aliwahi kumwambia, "Taratibu, huyu mgonjwa tukifika atakuwa ameshapona au ameshazeeka." Akajibu, "Yote afadhali kuliko kufia njiani," akaendelea na mwendo wake uleule.

Habari zake nazisimulia mimi kwa sababu ndimi niliyempokonya usukani. Nilifanya hivyo huku nikijiona mwadilifu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mimi ni fundi wa giaboksi za otomatiki. Gereji yangu ina ua wa saruji, shimo moja la kuingilia chini ya magari, na benchi la chuma lililolowa oili. Watu huniletea magari yaliyowashinda wengine, na sifa zilinipanda kichwani zamani. Basi gari la zahanati lilipoanza kushtuka kila linapobadilisha gia, likaletwa kwangu. Lilikuwa limemrusha mbele mama aliyetoka kushonwa tumbo, akalia njia nzima. Mkuu wa zahanati alinipigia simu na swali moja: kosa ni la gari au la dereva? Akaongeza kuwa dereva anazeeka, na kwamba anafahamu fika huyo ni shemeji yangu.

Hayo maneno ya mwisho yalinichoma. Nikaapa kwamba hakuna atakayesema nimembeba shemeji.

Taratibu alilileta mwenyewe, akasimama pembeni na kofia yake mkononi. "Shemeji," akasema, "ikiwa baridi haina neno. Ikishapata moto, mshale wa spidi unalala kwanza, halafu ndipo inaturusha."

Fundi mwenye akili zake angeishia hapo. Kwenye giaboksi kuna sensa ndogo, haizidi kidole gumba, inayohesabu mizunguko ya shafti na kuipelekea kompyuta ya gari. Kwa gari lile, mshale wa spidi ulitegemea hesabu hiyohiyo, na gia pia. Mshale ukilala wakati gari linakwenda, maana yake sensa imenyamaza, na kompyuta inabaki kubadilisha gia kwa kubahatisha. Taratibu alikuwa ameniwekea jibu kiganjani. Mimi nikasikia dereva anayemfundisha fundi kazi, na shemeji anayeomba kufichiwa aibu.

Nikachomeka mashine ya kusoma makosa. Ikanionyesha kosa moja tu: sensa ya spidi. Nikalifuta, nikalizungusha gari uani mara mbili likiwa baridi, nikasoma tena. Kosa halikurudi. Nikajiambia ni la zamani hilo, mashine hukumbuka hata yasiyo na maana. Sikuipima sensa kwa mita, sikulitoa gari barabarani likapata moto, na kwenye ripoti sikuandika kwamba niliona kitu. Niliandika: "Giaboksi ni nzima. Mishtuko inatokana na mguu wa dereva kwenye pedeli." Nikagonga mhuri, nikanawa mikono, nikajisikia msafi.

Wiki ileile Taratibu akapewa barua ya kupumzishwa. Dada yangu, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, alivuka na aproni yake mpaka shimoni kwangu.

"Kaka, uliipima kweli?"

"Mimi nakufundisha kusuka nywele?"

Aligeuka akaenda zake. Tangu siku hiyo salamu zetu zikawa fupi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja baada ya miezi mitatu, kwa magurudumu manne. Dereva mpya, mtu mzima aliyezoea malori, aliliingiza gari uani akashuka na hasira zake. "Fundi, hii inagonga gia. Na usiniambie ni mguu wangu, maana nimesikia ya mwenzangu. Halafu ikichemka, spidi yake inazima."

Nikaingia naye, tukalipeleka mpaka kwenye mlima wa nje ya mji, tukapanda na kushuka karibu dakika arobaini. Mshale ukatetereka, ukalala. Mara gari likapiga kishindo, kidevu changu kikagonga kifua. Yule dereva aliinua mguu wake hewani nione kwamba haukugusa pedeli.

Nilipoifungua sensa na kuipima, ilikuwa imeshapoa, ikasoma vizuri tu. Ningetaka kujidanganya tena, nafasi ilikuwepo. Nikavuka barabara kwenda saluni, nikaomba mashine ya kukaushia nywele.

"Unakausha nini?" dada akauliza.

"Kitu kidogo."

"Usiniunguzie."

Nikakaa juu ya tairi, nyaya za mita zikiwa kwenye sensa, nikaipulizia joto. Kwa dakika mbili tarakimu zilisimama palepale. Kisha zikatoweka. Ndani ya sensa kulikuwa na waya uliokatika: ukiwa baridi ncha zinagusana, ukipata joto zinaachana. Nikazima, ikapoa, tarakimu zikarudi. Nikawasha tena. Nilirudia mara tano, na kila mara nilitamani initolee jibu jingine.

Nikafunga sensa mpya, nikalijaribu gari mpaka nikaridhika, nikaandika ripoti ya pili. Katika hii niliandika yote, na lile kosa nililolifuta pia. Mkuu wa zahanati aliisoma mara mbili.

"Kwa hiyo hukupima."

"Sikupima."

Alivua miwani akaiweka mezani. "Barua yake tutaifuta. Jumatatu arudi kazini, huyu mwingine atakwenda kwenye lori la dawa. Lakini habari hizi utampelekea wewe mwenyewe, na gari umpelekee."

Taratibu nilimkuta nyuma ya saluni akianika taulo. Dada alisimama mlangoni. Nilimweleza bila kupunguza neno, kuanzia mashine mpaka mhuri, kisha nikasema, "Shemeji, nimekukosea."

Alikamua taulo lililokuwa mkononi. "Ikipata moto?"

"Ikipata moto."

"Na mshale unalala kwanza."

"Unalala kwanza."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Nilitaka anitukane. Matusi ningeyabeba. Alianika lile taulo, akalinyoosha pembe, akachukua jingine. Dada ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini. Alinionyesha kigoda kando ya mlango, na mbele yake ndala moja kuukuu iliyolika kisigino.

"Unaiona hiyo? Kila asubuhi anakaa hapo anaikanyaga, polepole, ananiuliza mimi kama mguu unatetemeka. Nimemwambia hapana mpaka nimechoka. Ananijibu, fundi ameshaona."

Nilinywea pale kwenye taulo. Miaka ishirini na miwili mguu ule ulikuwa haujamkosea mtu, na mwenyewe alikuwa ameacha kuusadiki kwa sababu ya sentensi yangu moja yenye mhuri.

Nikampa ufunguo. Aliutazama, akanirudishia, akazunguka gari akafungua mlango wa abiria. "Endesha wewe, shemeji. Mimi sijui tena."

Nikawasha. Nikachukua njia ya mlima ili injini ipate moto na aone mwenyewe. Gia ziliingia moja baada ya nyingine bila kishindo, mshale umesimama imara.

"Unaona?" nikamwambia. "Haulali."

Hakuwa anautazama mshale. Alikuwa ameinama kidogo, macho chini, kwenye pedeli. Tulipanda mlima wote vile, tukaanza kushuka.

"Mguu wako unatetemeka, shemeji," akasema.

Nikautazama. Ulikuwa unatetemeka kweli, goti mpaka unyayo, nami sikuwa nimeuhisi.

"Unatetemeka tangu tulipotoka," akasema, "na gari halishtuki."

Tulipofika kwenye kona, akavua kofia akaiweka juu ya dashibodi, mahali ilipokuwa ikikaa siku zote.

"Basi simama hapo," akasema. "Nipishe."