Kufuli Moja kwa Prosesa Nane

Mume wangu alifia Salgaa, lori lilipokosa breki kwenye mteremko. Baada ya mazishi nilirudi kazini kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nilikuwa nikisimamia kompyuta za duka la jumla mjini Nakuru, duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyelirithi kutoka kwa babake. Aliponiona mlangoni alisimama akanipa pole.

"Ile mashine mpya imefika," alisema. "Ukiwa na nguvu, uiangalie."

Nguvu nilikuwa nazo. Nilichokosa ni kitu kingine, na sikuwa na haja ya kukitafuta.

Mashine ya zamani, kompyuta kuu ya duka, ilikuwa na prosesa moja, yaani ubongo mmoja wa kufanya hesabu. Hii ilikuwa na nane. Makeshia wote waliandika mauzo yao kwenye faili zilizokuwa ndani yake, na tulitarajia foleni zipungue. Hazikupungua. Asubuhi kukiwa na keshia mmoja au wawili ilikwenda vizuri, lakini duka likijaa, ilizubaa kuliko ile kuukuu.

"Nimelipia nane, naona moja," mzee alisema.

Niliweka programu ya kupima, inayoonyesha kila prosesa inapotezea wapi muda wake. Karibu zote zilikuwa zinangoja. Ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta kuna kerneli, ile programu inayogawia programu nyingine zote nafasi ya kutumia mashine. Keshia akiandika kwenye faili, kerneli humfungia sehemu anayoiandika ili mwingine asije akaandika juu yake. Hapo hakuna tatizo. Tatizo ni kwamba kila mara ilipofunga au kufungua sehemu yoyote, kerneli yenyewe ilishika kwanza kufuli moja kubwa, iliyowekwa zamani wakati prosesa ilikuwa moja tu. Kufuli hiyo ilikuwa ya faili zote. Aliyeuza sukari alimngoja aliyeuza misumari, ingawa faili zao hazikukutana popote.

Kerneli hiyo ilikuwa ya wazi, mtu yeyote aliruhusiwa kuisoma na kuibadilisha. Niliamua kuivunja ile kufuli, kila faili ipewe yake. Sikuamua kwa hamu. Ilikuwa kazi ndefu yenye mistari mingi ya programu, na mistari haikuniuliza nimeamkaje.

Nyumbani nilikuwa na mama mkwe. Alitoka kwake Elburgon siku ya mazishi akabaki nami, labda kwa ajili yangu, labda kwa sababu nguo za mwanawe zilikuwa kwangu. Hatukuongea sana. Alipika, nikaosha vyombo. Alikaa dirishani, mimi mezani na karatasi zangu.

Toleo langu la kwanza nililiweka Jumamosi moja. Kwa saa chache lilikimbia, keshia mmoja akanipungia mkono kutoka mbele. Halafu kila kitu kikaganda. Kerneli lazima ikague kama kuna programu mbili zinazongojana, kwa sababu zikingojana hakuna itakayoachilia. Mimi nilikuwa nimeifanya ikague kwa kuhama faili hadi faili, ikishika kufuli ya kila moja. Prosesa moja ilishika ya kwanza ikataka ya pili, nyingine ilishika ya pili ikataka ya kwanza. Nilizima mashine mbele ya wateja waliojaa hadi barabarani, nikarudisha kerneli ya zamani.

"Pole," nilimwambia mzee.

"Pole ni yako," alijibu, akaenda kuwatuliza wateja.

Nilijua nilipaswa kuona aibu. Nilingoja ije, haikuja.

Kisha uchaguzi ukapita, matokeo yakapingwa, na mji ukafungwa. Duka liliteremsha milango ya chuma. Tuliona moshi upande wa chini wa mji, tukasikia amri ya kutotoka nje ikitangazwa redioni. Mimi na mama mkwe hatukuwa wa kabila moja. Miaka yote ya ndoa yangu jambo hilo lilikuwa la kutaniana tu wakati wa kula. Wiki hizo watu walifukuzwa kwa sababu yake, na wengine hawakufika walikokimbilia.

Vijana walikuja mchana. Niliwaona kupitia pazia, wengi, wana mapanga na marungu. Mama mkwe alifungua mlango akasimama kizingitini. Aliwasalimu kwa lugha yake, nao wakamjibu kwa heshima, kisha mmoja akauliza kwa Kiswahili, ili nami nisikie:

"Mathe, na huyo mwingine ndani ni nani?"

"Ni msichana wangu."

"Basi aongee kidogo tumsikie."

Nilikuwa nimeketi na kalamu mkononi. Lugha yao niliijua maneno machache, na neno lolote kati ya hayo lingenifichua. Niliwatazama. Sikutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka leo.

"Haongei," mama mkwe alisema. "Alizika bwana yake juzi juzi. Tangu azike hajaongea na mtu. Mwangalieni."

Waliniangalia. Sijui waliona nini.

"Pole, mathe," yule kijana alisema, wakaenda nyumba ya pili.

Mama mkwe alifunga mlango, akaweka maji ya chai jikoni. Alipoleta sukari, nusu yake ilimwagika mezani, juu ya karatasi zangu. Niliifuta. Nilitaka kumwambia asante, lakini alikuwa ameshasema kwamba siongei, na nilihisi kama ni kweli.

Ni katika siku hizo za kufungiwa ndipo nililiona suluhisho. Keshia anayepata sehemu yake bila kungoja hana haja ya kukaguliwa. Kwa hiyo kila faili ingekuwa na kufuli yake, na ile ya pamoja ingebaki, ndogo, ya wanaongoja pekee. Wengi wasingeigusa kabisa. Niliandika upya, nikajaribu kwenye kompyuta yangu siku zilizokuwa na stima.

Duka lilipofunguliwa niliiweka kerneli hiyo mpya. Haikuganda wiki ya kwanza wala ya pili, duka likiwa limejaa. Mzee alisimama nyuma yangu akitazama zile prosesa zote nane zikifanya kazi.

"Imeamka," alisema.

Nilituma mabadiliko hayo kwa wanaoitunza kerneli, watu wa mbali nisiowajua. Mmoja alijibu kwa upole kwamba wazo ni zuri lakini niligawe vipande vidogo na nieleze mstari fulani. Sikumjibu. Dukani yaliendelea kufanya kazi bila wao.

Barabara ilipotulia mama mkwe alirudi kwake. Alipiga simu kabla ya saa sita: nyumba ilikuwa imesimama, mabati ya zizi yalikuwa yameibwa.

"Na wewe umekula?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo, chapati na maharagwe, nimekula dukani nikiwa nimesimama. Nilishangaa kuona ni kweli.

"Chumvi ilikuwa nyingi," niliongeza.

"Eeh," alisema. "Niambie na mengine."