Mstari Niliomtungia Mama

Jumamosi alasiri, upepo ukitoka upande wa soko la nyama la Burma, mtaa wetu wa Makongeni ulijaa harufu ya nyama choma ambayo sisi hatukuwa tukiila. Tulikula harufu, kisha maharagwe. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni akiyachambua maharagwe hayo, nami nikiwa chini kwenye mkeka na Biblia mapajani, kwa sababu mama hakujua kusoma na mimi, nikiwa darasa la tano, nilijua, na nilihakikisha kila mtu anajua kwamba najua. Baba alikuwa fundi wa reli, wiki nyingi yuko safarini, kwa hiyo kazi ya kumsomea mama ilikuwa yangu peke yangu.

Akina mama wa kanisani walikutana kila Alhamisi, na kila mara mmoja wao alisimama kwa zamu kutoa neno: anasema mstari mmoja kwa kichwa, sura na namba yake, kisha anaeleza umefanya nini nyumbani kwake. Wasiojua kusoma walisomewa na watoto wao. Mama alinisikiliza mara tatu, mara nne, huku midomo ikicheza, mpaka mstari umshike. Hakuwahi kukosea hata neno moja, na hilo ndilo lililomfanya aketi kifua mbele kati ya wenzake waliokwenda shule.

Likizo moja ya Aprili zamu yake ilifika, naye akataka maneno fulani kuhusu mwanamke na nyumba yake ambayo mhubiri alikuwa ameyataja. Nilipekua kurasa nikachoka. Nje wenzangu walikuwa wakicheza kati, mchezo wa kumlenga aliye katikati, kwa mpira wa karatasi za nailoni, jina langu linaitwa, timu yangu imepungukiwa mtu. Basi nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka uso unaniwaka. Nilikazia macho ukurasa, nikavaa sauti ya mhubiri, nikasoma kitu ambacho hakikuwepo: "Mwanamke anyamazaye akichokozwa, Bwana atampa jiko lake mwenyewe." Nikabandika sura na namba kama zilivyonijia kinywani, nikakimbilia mpira.

Kwa nini jiko? Kwa sababu tulitumia jiko moja na jirani yetu Mama Nafula, na kila asubuhi yeye na mama walirushiana maneno humo. Nami, shetani mdogo, nilijua pa kumgusa. Mama aliuchukua mstari ule mzimamzima. Mama Nafula alisukuma sufuria yetu kando, akasema ya kusema, na mama akanyamaza. Siku ya tatu Mama Nafula mwenyewe alituachia nafasi, akauliza kama mama anaumwa. Ningeweza kusema ukweli wakati wowote kabla ya Alhamisi. Niliona jinsi mama alivyofurahi, nikaogopa, nikajiambia hakuna atakayejua.

Alhamisi nilikuwepo, benchi la nyuma. Mama alisimama na kitambaa kipya kichwani, akautoa mstari bila kutetereka, akaeleza habari za jiko, huku Mama Nafula akiitikia kwa kichwa. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, aliupenda sana, akawaambia wote wafungue wautie alama. Kurasa zikapekuliwa, zikarudiwa. "Sura hiyo ina mistari kumi na minane tu," mwenyekiti akasema kwa upole. "Wewe umetaja wa ishirini na sita." Mmoja akacheka, kisha wengi. Mama akageuka akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Nimekosea mimi," akawaambia. "Kichwa changu hakishiki siku hizi." Akaketi.

Njiani kurudi nilisubiri kofi, na kwa kweli ningelishukuru. Tulipokaribia nyumba alisema tu, "Ungeniambia umechoka, Mwende." Hakuniomba tena nimsomee. Mwaka huo alijiandikisha masomo ya ngumbaru, akakaa na watu wazima wenzake wakihangaika na herufi, na zamu yake ilipofika kikundini aliiruka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka alipoweza kusoma mwenyewe kwa kufuata kidole. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshamaliza shule ya msingi.

Siku hizi mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja, na kila Jumapili huwaandikia akina mama wa kanisa letu tafakari ya wiki kwenye kundi la simu: mambo ya nyumba, ya imani, na ya vitabu tunavyosoma na watoto. Hunijibu kwa amina nyingi, wengine huniita mwalimu, nami sifa hiyo huimeza kama dawa chungu. Nimeandika kuhusu ukweli mara sijui ngapi, na kisa hiki nimekikwepa mara zote hizo. Mama anaishi nami sasa. Presha ya macho imemnyang'anya herufi alizozitafuta kwa jasho, kwa hiyo baada ya chai ya saa kumi namsomea, polepole, neno kwa neno, siruki hata nukta. Husikiliza mpaka mwisho, hunishukuru vizuri. Kisha humwita binti yangu wa miaka tisa kutoka chumba cha pili: "Mjukuu wangu, hebu njoo unisomee hapo hapo aliposoma mama yako."